Anayechekwa ni Nani? Maneno juu ya Filamu za Zamani za Kuchekesha

Mtu akitaka kuipima filamu ya kuchekesha, asiulize kwanza kama watu walicheka. Kucheka si kazi kubwa. Mlevi akianguka mtaroni watu hucheka. Babu akivaa kanzu ndani nje wajukuu hucheka. Yafaa kuuliza: anayechekwa ni nani, na je, yeye naye amepewa zamu yake ya kucheka? Sisi tukaao Mtwara na kandokando ya mlango wa mto Ruvuma twalijua swali hili tangu zamani, kabla ya turubai na mashine za picha kuletwa kwetu, kwa sababu tuna utani.

Na utani una sheria zake. Mwezi wa Septemba mwaka 1882 Wangoni walishuka Masasi, wakaiteketeza misheni, wakaua watu, na wengine wakawachukua mateka, hata mapadre wakaona heri kuhamia Newala. Si habari ya kuchekesha hata kidogo. Walakini wajukuu wa wale waliopigana ndio watani wa leo. Mngoni aweza kuingia katika matanga ya Myao au Mmakua, akanyakua sahani ya wali mbele ya wakubwa, akalala njiani asilipishe jeneza mpaka apewe chochote, na wenye msiba wakatabasamu katika machozi yao. Mbona hawakasiriki? Ni kwa kuwa wanajua ya kwamba siku ya msiba wa Mngoni wao nao watakwenda kufanya vivyo hivyo. Kicheko cha utani huenda na kurudi. Kikienda tu kisirudi, hakiitwi utani tena, huitwa dharau.

Ngoma ya mapiko nayo yaonyesha neno hilo hilo. Mcheza lipiko huvaa kichwa cha mti mwepesi kilichochongwa uso wa mtu, pengine kimetiwa nywele za kweli, na mwili wake wote hufunikwa nguo ili asijulikane. Nyuso zile si za mizimu tu. Wachongaji wa Kimakonde walichonga pia Mzungu, wakachonga Mhindi mwenye duka, wakachonga askari; na watu waliokuwa wakiwaogopa wakubwa hao mchana waliwaona jioni uwanjani wakitikisa viuno, wakacheka hata wakashika mbavu. Twajua kwamba wamisionari wengi waliichukia ngoma hii pamoja na mambo ya jando. Lakini Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alikuwa mtu wa kuchagua kabla ya kutupa, naye aliitwaa jando akaitia katika maisha ya Kanisa. Kwa hiyo hatuoni haya kuutumia utani na lipiko kuwa vipimo vyetu, na kwa vipimo hivyo tutazitazama filamu chache ambazo watu wa pwani hii wamezipenda, au walionyeshwa wazipende.

Filamu za kwanza zilizotengenezwa katika nchi hii makusudi kwa Waafrika zilitoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Jaribio lile lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni. Zikatengenezwa filamu 35, zikachukuliwa kwa gari toka mji hata mji, na sauti ikatolewa katika sahani za santuri. Zilikuwa za mafunzo: safura, homa ya malaria kwa watoto wachanga, kodi, kahawa. Ile ya benki ya posta ilikuwa na hadithi. Mtu mmoja azika fedha zake chini, mwivi azifukua. Mwenziwe aliyeziweka posta hapati hasara. Mzika fedha ndiye mjinga wa hadithi. Somo ni la kweli, wala hatulipingi. Lakini mzee wa Kitaya wa miaka ile, ambaye kwenda Mikindani na kurudi kwamgharimu siku kadhaa za miguu, alizika fedha zake kwa sababu alizoziona ni njema, na hakuna aliyemwuliza azitaje. Katika masomo ya namna hii kicheko hushuka tu, hakipandi. Mkulima huchekwa kwa kutoijua posta. Karani wa posta hachekwi kwa kutomjua mkulima. Na ni nani kwetu asiyejua ya kuwa karani wa posta aweza kuchekesha sana?

Baada ya vita ya pili serikali ya Tanganyika ilipatana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 zikatoka filamu ndefu za Kiswahili: Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda, na nyinginezo. Muhogo Mchungu ni kichekesho cha mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na mambo ya mjini yakamzidi. Jina lenyewe twalisikia kwa sikio la kwetu. Mtu wa mjini akisikia "muhogo mchungu" adhani ni kitu kibaya, cha kutemwa. Mama wa Kusini ajua kwamba muhogo mchungu ni chakula cha mwaka mzima, ila wataka kazi: humenywa, hukatwa, huanikwa juani mpaka uwe makopa, ndipo hutwangwa. Si muhogo wenye kosa, bali mlaji asiyejua.

Miongoni mwa waigizaji wakuu wa filamu zile alikuwamo kijana karani wa idara ya maendeleo ya jamii, aliyezaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Songea, yule Rashidi Mfaume Kawawa. Naye ni Mngoni, mtani wetu. Mwezi wa Januari mwaka 1962 Kawawa huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wale waliotazama turubai mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wanajifunza kumcheka mtu wa bara ajapo mjini na mzigo wake. Yapata miaka kumi baadaye mtu wa bara alikuwa ameshika kalamu ya serikali. Hatusemi kwamba filamu ilikusudia jambo hilo. Wenye kuitengeneza walikusudia watu wakae mashambani mwao wasijazane mjini. Lakini mwigizaji ni mtu mwenye akili yake, na aliyepata kumwigiza mjinga mbele ya maelfu amekwisha kujua jinsi watu wamwonavyo mjinga. Elimu hiyo haipatikani shuleni.

Basi hadithi ya mshamba mjini ndiyo mama wa vichekesho vingi vya filamu, ya kwetu na ya mbali. Yaweza kusimuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza: mji una akili, mshamba hana, twamcheka akigongana na nguzo ya taa. Njia ya pili: mshamba ana macho mapya, naye ayaona mambo ambayo watu wa mjini wamezoea hata hawayaoni tena. Mfano mwema wa njia ya pili kuliko yote tuijuayo ni filamu ya Kihindi Shree 420, aliyoitengeneza Raj Kapoor mwaka 1955 na kuicheza mwenyewe.

Filamu za Kihindi zilipendwa sana katika miji ya pwani yetu, toka Lamu mpaka huku, na Awara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor huyo huyo, watu waliitazama tena na tena ijapokuwa wengi hawakujua Kihindi. Shree 420 yamfuata kijana jina lake Raj, atokaye Allahabad kwa miguu kwenda Bombay. Amechukua mzigo wake juu ya fimbo, amevaa suruali fupi na viatu vilivyotoboka, na katika mali yake yote kitu cha thamani ni nishani aliyopewa shuleni kwa ajili ya uaminifu. Mjini aambiwa kwamba mtu mwaminifu hapati kazi. Aipeleka nishani kuiweka rehani. Hapo watu hucheka, maana jinsi anavyoagana nayo ni kama mtu anayeagana na mbuzi wake. Lakini ni kicheko kinachouma. Mjini pia asimama kichwa chini miguu juu, na anapoulizwa sababu ajibu kwa maana hii, kwamba dunia imepinduka, basi atakaye kuiona sawasawa na apinduke naye.

Hesabu hiyo ya 420 ilikuwa, mpaka mwaka 2024, kifungu cha sheria ya jinai ya India, kile kilichohusu udanganyifu. Na "Shree" ni neno la heshima. Kwa hiyo jina la filamu ni kama kusema "Mheshimiwa Tapeli". Raj mwenyewe aingia katika utapeli, avaa nguo nzuri, afuata matajiri. Wanawake wawili wamvuta huku na huku: Vidya, mwalimu maskini, na Maya, mwanamke wa anasa. Vidya maana yake ni elimu, na Maya ni mambo yasiyo na ukweli, hivyo hata majina ni mafunzo, kama majina ya watu katika kitabu cha Bunyan. Twaungama kwamba mwalimu kumpenda mwalimu wa filamu si ajabu, walakini Nargis, aliyemcheza Vidya, ana namna ya kunyamaza ambayo yamfanya Maya na vito vyake aonekane kama duka lililofungwa.

Kisha waja ule mpango wa nyumba. Matajiri watangaza kwamba kila maskini atakayetoa rupia 100 atapata nyumba. Watu wa barabarani, wachuuzi, wafagiaji, waleta akiba zao. Nyumba hakuna. Aliyeona michezo ya upatu iliyowala watu nchini kwetu mwaka 2009, mingine ikihubiriwa kwa maneno ya kupanda na kuvuna, hahitaji mtafsiri. Mwisho Raj awageuka matajiri na kuwafedhehesha mbele ya watu. Tazama basi kicheko kilivyozunguka. Mwanzo twamcheka mshamba. Katikati twamcheka mshamba aliyejifanya mtu wa mjini. Mwisho twawacheka wenye mji. Kila mtu amepata zamu. Ubaya wa filamu hii, nasi twausema wazi, ni urefu wake. Yachukua karibu saa tatu, na katika sehemu ya pili Raj ahubiri kupita kiasi. Mhubiri mzuri ajua kuketi.

Twaijia sasa filamu ambayo watu wengi wa rika letu wakiulizwa filamu ya kuchekesha huitaja mara moja, nayo ni The Gods Must Be Crazy, yaani Miungu Imeingiwa na Wazimu, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1980. Ndege yapita juu ya jangwa la Kalahari, rubani atupa chupa tupu ya Coca-Cola, chupa yaanguka kwa Wasani wasioijua. Kwanza waifurahia: yatwangia, yalainishia ngozi, yapuliziwa ikalia. Kisha waigombania, kwa kuwa ni moja tu, na mtu mmoja jina lake Xi aamua kuipeleka hata mwisho wa dunia akaitupe. Njiani aonana na mtaalamu wa wanyama mwenye aibu, na mwanamke ajaye kuwa mwalimu wa kijiji, na majambazi wenye bunduki.

Hatutaki kuwa wanafiki. Tulicheka, na hata sasa twacheka. Mwanzo wa filamu ni utani wa haki kabisa: waonyeshwa watu wa mjini walioiweka dunia yao sawa ili wastarehe, kisha wanatumikia starehe hiyo kama watumwa, na mwanamke mmoja aingia garini kwenda kutia barua katika sanduku lililo karibu na mlango wake. Yule mtaalamu naye, kila amwonapo mwanamke aangusha kila kitu kilicho karibu, na gari lake halina breki, likizimika haliwaki tena kwa urahisi. Hapo msomi achekwa, Mzungu achekwa, mji wachekwa.

Lakini msikilize msimulizi. Sauti yake yatuambia Xi awaza nini, yatuambia watu wake hawajui hasira wala mali wala kosa, kama mtu anayesimulia habari za swala. Xi asema kwa lugha yake, nasi twapewa maneno ya msimulizi. Na habari hiyo si kweli. Wasani wa Tsumkwe, huko Namibia, alikotoka N!xau aliyemcheza Xi, hawakuwa wakiishi mwaka 1980 pasipo kujua kwamba dunia ina watu wengine. Walikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, wamepunguziwa nchi yao ya kuwinda, wengi wamekusanywa mahali pamoja wakila unga wa kununua, na vijana wao wakiandikwa jeshini. Chupa ilikuwa imekwisha kufika kwao zamani, nayo haikuwa ya Coca-Cola bali ya pombe. N!xau alilipwa fedha kidogo mno kwa filamu iliyowapa wengine mamilioni. Ilipotengenezwa ya pili, iliyotoka mwaka 1989, alijua kudai zaidi. Baadaye alirudi kwao akalima mahindi na maboga, akafariki mwaka 2003.

Twataja habari hizo si kwa kuwaharibia watu furaha. Kuna jambo moja ambalo filamu ile ingalikuwa bora kwalo, nalo ni dogo: Xi angaliruhusiwa kutania. Katika safari yake yote huwaona Wazungu ni wa ajabu, lakini kuona ajabu si kutania. Mtani huona upungufu wa mwenziwe na humwambia usoni. N!xau alikuwa na uso wa mchekeshaji hasa, mwenye nyusi zinazosema. Na uso huo ndio uliotufanya tumpende kuliko maneno ya msimulizi. Mtoto wa Mahurunga akiitazama filamu hii na kucheka "mtu wa porini asiyejua chupa", mwalimu na amwulize taratibu: watu wa mjini wakitazama picha ya Mahurunga, watasema nini juu yako?

Charles Chaplin ni mwingine. Watu wa rika la babu zetu walimwona katika picha zilizoletwa kwa magari ya sinema na katika nyumba za sinema za mijini, na jina lake la Charlie likageuka neno la Kiswahili: mchekeshaji huitwa chale. Ni heshima kubwa, maana wafalme wengi walipita pasipo kutuachia neno.

Katika The Gold Rush ya mwaka 1925, Chaplin ni maskini aliyekwenda katika nchi ya theluji kutafuta dhahabu. Dhoruba yamfungia kibandani pamoja na mtu mmoja mnene, chakula kimekwisha. Siku ya sikukuu ya shukrani apika kiatu chake. Tazama jinsi anavyokipika! Akigeuza kwa uma aone kama kimeiva. Akipakua katika sahani na kukimwagia mchuzi wake. Mwenziwe apata ngozi ya juu, naye apata soli. Misumari aifyonza mmoja mmoja kama mtu afyonzaye mifupa ya changu, na kamba za kiatu azizungusha kwenye uma kama tambi. Baadaye yule mnene, kwa njaa, amwona mwenziwe amekuwa kuku, amfukuza na bunduki.

Wasomaji wetu wazee waliopata kuchimba ming'oko porini miaka ya ukame hawatauliza mzaha huu una maana gani. Njaa ina aibu kuliko maumivu, na mwenye njaa hujitahidi adabu yake isimwache. Chaplin aliyajua hayo kwa mwili wake. Alizaliwa Uingereza mwaka 1889, akakulia katika umaskini wa London, akiwa na miaka saba akatiwa katika nyumba ya maskini, na mama yake akaugua akili. Kwa hiyo anapokula kiatu hamcheki maskini. Ni maskini anayecheka. Hiyo ndiyo tofauti ya filamu hii na zile za mafunzo tulizozitaja, nayo ni kubwa kama tofauti ya mtani na jirani mwenye kusengenya.

Sehemu nyingine ya filamu hiyo yatupendeza zaidi, ijapokuwa haichekeshi sana. Usiku wa mwaka mpya aandaa meza, awasha mishumaa, aweka zawadi kwa kila mgeni, naye amemwalika Georgia na rafiki zake. Alalia meza, aota kwamba wamekuja, na katika ndoto achoma mikate miwili midogo kwa nyuma mbili na kuichezesha kama miguu. Aamka. Hawakuja, wamesahau. Mtu aliyepata kualika watu na kupika pilau kisha akala peke yake ajua kimya kile.

Modern Times ya mwaka 1936 hatutaieleza sana. Ni ya kiwanda, na ya mtu aliyekaza misumari ya parafujo siku nzima hata mikono yake haiwezi kuacha. Na ya mashine ya kulisha wafanyakazi ili wasipoteze wakati wa chakula. Dada zetu waliopata kubangua korosho kutwa kucha wamecheka hapo kicheko cha mtu ajuaye.

Katika siku za karibu, mchekeshaji aliyependwa Tanzania kuliko wengi ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki tarehe 8 Agosti 2018 katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Watu walimwita King Majuto. Filamu zake zilifika mpaka Msimbati na Kilambo katika mikanda na sahani, na watoto waliijua sauti yake kuliko sauti ya diwani wao. Sifa yake ni kwamba hakumcheka mtu mwingine kabla ya kujicheka. Alijifanya mzee mwenye kujidai hekima, mwenye tamaa asiyoweza kuificha, na tamaa ikamvua nguo za uzee mbele ya watoto. Wazee waliotazama walijikuna vichwa. Twasikitika tu kwamba filamu nyingi za namna hii zilitengenezwa kwa haraka mno. Hadithi hazikuandikwa vizuri, makelele yalichukua mahali pa maneno, na wanawake aghalabu wamewekwa humo kugombana tu. Mwigizaji wa kipawa kile alistahili waandishi wenye subira.

Na hapa twafika penye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika vichekesho vya mjini, katika filamu na katika televisheni, mtu wa Kusini amefanywa mlinzi, mtumishi, au mjinga wa mlango wa nyuma, na matamshi ya Kimakonde yametiwa chumvi ili watu wacheke kabla hajasema neno. Hata jina la Wamachinga, ndugu zetu wa Lindi, limekuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchini. Hatulii kwa hayo, mtani halii. Twasema tu kwamba utani huo hauna njia ya kurudia. Ni nani amemwona mtu wa Kusini katika filamu akiwaigiza watu wa Dar es Salaam, jinsi wanavyosema "poa" kwa kila neno, jinsi wanavyokuja kwetu msimu wa korosho na mizani yao?

Madhara yake huonekana nyumbani. Watoto hutoka katika kibanda cha video, hufika uani, humwigiza bibi yao anavyosema Kiswahili. Bibi hucheka nao. Siku ya tatu bibi hanyanyui neno la Kiswahili mbele yao, na hadithi zake za Kimakonde hawazielewi vizuri, basi huketi kimya. Tumeliona jambo hili katika nyumba zaidi ya moja, na nyumba za Kikristo zimo. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema, akaulizwa kwa nini amecheka, akakana. Lakini mwisho kicheko kilirudi kwake kikiwa furaha, na mwanawe akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Bibi wa uani hajarudishiwa kitu.

Vibanda vyenyewe hatuvishutumu vyote. Humo hutumika filamu zilizofasiriwa na wasimulizi wa Kiswahili, kama yule Lufufu wa Dar es Salaam aliyejulikana sana katika miaka ya 2000, ambao husema juu ya sauti ya filamu, wakieleza, wakiongeza, wakimtania hata mwigizaji mkuu. Wataalamu wengine husema ni kuharibu filamu. Sisi twaona ni kinyume. Msimulizi wa kibanda amefanya jambo ambalo msimulizi wa Miungu Imeingiwa na Wazimu hakumruhusu Xi alifanye: amepata neno la kujibu.

Basi walimu na makatekista wenye kuonyesha filamu katika kumbi za parokia, tungewashauri waanze na The Gold Rush. Ziko namna mbili: ile ya kwanza ya mwaka 1925 isiyo na sauti, nayo huchukua saa moja na nusu, na ile ya mwaka 1942 ambayo Chaplin mwenyewe aliipunguza na kutia sauti yake ya kusimulia kwa Kiingereza. Chagueni ile isiyo na sauti. Kisha mtafuteni mama mmoja wa kijijini mwenye ulimi mwepesi, mwekeni karibu na turubai, asimulie kwa Kimakonde kama apendavyo. Mwambieni mapema habari za theluji, maana itamkawiza; habari za kiatu hana haja ya kuambiwa. Na watoto waketi mbele, wamsikie vizuri.